Nilimpangishia Mgeni Chumba cha Mkwe Wangu

Kosa ni langu. Sikutumwa, sikulewa, sikurogwa. Nasema mapema ili usinihurumie kabla hujajua nilichofanya.

Ulikuwa mwaka ule ambao Ifakara tulikula ugali. Sisi! Watu wa mchele! Lami ilikuwa imefika, malori yakawa yanafuata mpunga mpaka shambani, unanunuliwa ukiwa bado unanuka tope. Wenye mashamba wakabaki wanasonga dona na kutafuna kambale mkavu, huku mchele wao unapikwa Dar es Salaam. Ukimuuliza mtu wa hapa, atakuambia ule ni mwaka wa dona. Basi mwaka huo wa dona ndipo nilipoharibu.

Nina nyumba mtaa wa Viwanja Sitini. Marehemu mume wangu alishuka kutoka upande wa Mahenge akiwa kijana, akachoma tofali kwa mikono yake, akajenga. Wakati huo jirani zetu walikuwa vyura. Lami ilipofika, watu wakaja kama kumbikumbi: mafundi wa barabara, wanunuzi wa mpunga, wauza simu, walimu, watu wa miradi. Wote wanatafuta pa kulala. Watu wakavunja mabanda ya kuku wakajenga vyumba. Hata jiko la mtu likawekwa kitasa, likaitwa chumba!

Jirani yangu Mama Zita alijenga vyumba vya kupanga, akaweka vigae barazani. Wapangaji wakawa wanamwita mama mwenye nyumba. Akipita kwenda sokoni anatembea kama amemeza mwiko.

Nilimwonea wivu. Nasema kweli. Nyumba yangu ina umri mkubwa kuliko yake, na mimi naitwa Bibi tu!

Sasa sikia. Kitinda mimba wangu, Severini, alikuwa anakaa kwangu na mke wake Levina, chumba cha mwisho, kile chenye mlango wake wa nje. Baba yake alimjengea kabla hajafa. Na huku kwetu, mvua zikianza, mtu anahamia shamba. Si kwenda na kurudi, ni kuhamia: sufuria, mkeka, kuku, kila kitu. Unakaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo katikati ya mpunga, huko bondeni. Unapalilia, unaamia ndege, unafukuza nguruwe, mpaka uvune. Nyumba ya mjini unafunga, funguo unamwachia mzee.

Mzee kazi yake ni kulinda. Mama mkwe wangu alinilindia mimi miaka yote niliyokuwa bondeni. Chumba cha mtu aliyeko shamba hakiguswi, hata mkeka wake haukunjuliwi.

Mwaka ule funguo niliachiwa mimi.

Levina aliondoka na mimba changa. Mtoto wake wa kwanza hakukaa, alimzaa kwa kupasuliwa akamzika. Kwa hiyo nesi alimwambia, mimi nikiwa nimeketi pale pale kwenye benchi, "Mama, wewe tumbo likikua njoo mjini ukae karibu na hospitali. Usisubiri uchungu ukukute bondeni." Akanigeukia mimi: "Bibi, umesikia?" Nikajibu nimesikia. Jamani, nilisikia!

Hawajakaa sana huko, akaja dalali mmoja wa mtaani, kijana mwenye maneno kama redio, wanamwita Fasta. Nyuma yake mtu mzima mwenye shati la kupigwa pasi.

"Bibi shikamoo."

"Marahaba."

"Bibi, hiki chumba cha mwisho kina mtu?"

"Cha mwanangu. Yuko shamba."

"Aa, Bibi! Sasa si kimelala? Mjini hapa chumba hakilali, wewe! Huyu mzee ni mnunuzi wa mpunga, mstaarabu, hafugi hata kuku. Mwanao akirudi na mavuno, jamaa keshasepa."

Yule mtu akainama kidogo, akasema, "Sitakusumbua, mama mwenye nyumba."

Neno lile! Nilihisi kama nimevishwa taji. Nikachukua kodi ya nusu mwaka papo hapo, na kabla wiki haijaisha fundi alikuwa anapiga vigae barazani kwangu, vyekundu kuliko vya Mama Zita.

Kitanda cha Levina nilikiweka stoo, juu ya magunia. Na beseni lake la uzazi nikaliweka huko huko. Alikuwa ameliandaa mwenyewe: kanga mpya, vitambaa vya mtoto, sabuni, wembe ndani ya karatasi yake. Nililibeba beseni lile kama mzigo wowote.

Masika yakapamba moto. Asubuhi moja nafagia vigae vyangu, naona bodaboda inasimama. Levina huyo. Tope mpaka magotini, tumbo limeshuka, kifurushi begani. Severini alikuwa amebaki kuamia ndege, maana ukiondoka siku mbili kwelea wanakula mpunga wote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Si mapema, mama. Mgongo unauma tangu juzi. Severini kasema nije nilale karibu na hospitali."

Akapita kuelekea mlango wake. Kabla sijafungua mdomo, mlango ukafunguka kwa ndani, mpangaji akatoka na mswaki mdomoni na taulo kiunoni.

Levina akasimama. Akamtazama yule mtu, akatazama pazia geni, akanitazama mimi.

"Mama, huyu ni nani?"

"Mpangaji."

"Na kitanda changu?"

"Kipo stoo. Panya hawajakigusa."

Mpangaji akatoa mswaki. "Mama mwenye nyumba, kuna tatizo?"

Hapo ndipo shetani aliponikalia shingoni! Ningeweza kusema, baba, tuvumiliane, huyu ni mke wa mwanangu, sogeza mizigo yako sebuleni. Ningeweza kumwambia Levina, lala kitandani kwangu, mimi nalala chini. Kitanda changu ni kipana, nalala peke yangu! Lakini Mama Zita alikuwa ameshatoa shingo juu ya ukuta anasikiliza. Kodi nilishaikanyaga kwa miguu, ipo barazani. Nikaona aibu kuonekana mwenye nyumba asiyejua kupangisha.

Nikamwambia mkwe wangu, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Mama Zita:

"Chumba kina mtu. Siwezi kumtoa mtu nje."

Levina hakulia. Ningejua la kumfanya kama angelia. Aliomba maji, akanywa amesimama, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili kama mgeni.

"Asante mama. Nimesikia."

Akapanda ile ile bodaboda. Mwenye bodaboda akaniangalia kidogo, akawasha.

Nilijiambia ataenda kwa rafiki yake wa kanisani, jioni atarudi hasira zimepoa. Nikapika wali, wali wa akiba yangu niliyokuwa naificha, nikamfunikia. Jioni ikapita. Ule wali ulichacha umefunikwa. Usiku huo mvua ilipiga bati mpaka nikashindwa kusikia rozari yangu mwenyewe.

Kulipokucha nikapiga simu ya Severini. Haipatikani. Ya Levina, haipatikani. Nikatoka kwenda kijiweni kwa madereva wa bodaboda, nikamtafuta yule yule wa jana.

"Ulimpeleka wapi mkwe wangu?"

"Shambani, Bibi. Nilimwambia mama, hali hii rudi, akasema hana pa kurudi. Nimemwacha zinapoishia pikipiki, akaingia kwa miguu." Akatazama mawingu. "Na leo njia ile imekatika. Maji yamepanda."

Nilimlazimisha anipeleke. Tukavuka daraja, tukaiacha lami, tukaenda mpaka njia ilipozama. Mbele ni maji tu, rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda na magogo. Mbali kabisa naona vichwa vya madungu vimetokeza, sijui lipi la mwanangu. Watu wamejaa ukingoni, kila mtu ana mtu wake ndani. Mwenye mtumbwi alikuwepo. Nikamwomba, nikampigia magoti kwenye tope.

"Mama, inuka," akasema. "Mkondo huu unapindua. Mimi nina watoto."

Nikakaa pale. Mvua inanyesha, haikati. Hapakuwa na la kufanya zaidi ya kutazama.

Sasa lazima niseme jambo jingine. Ng'ambo kule, pembeni ya mashamba, wamehamia Wasukuma na ng'ombe wao. Mimi nilikuwa nawasema vibaya kuliko mtu yeyote wa mtaa wetu. Nilisema wametujazia bonde, nilisema warudi walikotoka. Mgeni mwenye shati la pasi nilimpa chumba cha mwanangu, mgeni mwenye ng'ombe nikamwombea mabaya!

Mchana ukiwa umekwenda, mtu akapiga kelele, "Mkokoteni! Mkokoteni!" Tukaona ng'ombe wanakuja ndani ya maji, maji yapo kifuani kwao, pembe juu, wanavuta mkokoteni nusu umezama. Mwanamke mnene mwenye bangili anawaongoza, anawaita kwa majina yao mmoja mmoja. Severini yuko nyuma, maji shingoni, anasukuma. Juu ya mkokoteni, turubai.

Chini ya turubai alikuwa Levina. Uso mweupe kama unga. Na kwenye kifua cha mwanamke yule wa bangili, amefungwa kwa kanga, mtoto.

Watu wakasogea. Maneno yakaanza.

"Huyu si mke wa Severini?"

"Wana nyumba Viwanja Sitini! Kulikoni azalie kwenye dungu?"

"Mama mkwe ana roho ya kenge, nini?"

"Au alimfukuza!"

Mimi nimo katikati yao. Yule mwanamke, Mama Masanja jina lake, akaona nalikaribia turubai nalia. Akaniuliza kwa Kiswahili chake kizito, "Wewe ni nani wake, mama? Tupate mtu wa kwenda naye hospitali."

Na mimi, bibi wa yule mtoto, mbele ya watu wale wote, nilijibu:

"Jirani."

Levina akafumbua macho. Alinisikia.

Ole wangu! Chumba ningeweza kukisahau. Neno lile silisahau.

Walimwahisha kwa pikipiki, wamemweka katikati. Mama Masanja ndiye aliyekwenda naye, ndiye aliyelala chini ya kitanda chake wodini. Levina alipona, lakini damu ilikuwa imemwagika mno, madaktari wakatoa kizazi. Levina hatazaa tena. Mtoto ni mmoja tu, wa kike, na kwa desturi yetu jina langu ndilo lilikuwa linamsubiri.

Wamemwita Kabula. Ndivyo Wasukuma wanavyomwita mtoto wa kike aliyezaliwa mvua inanyesha.

Severini alikuja nyumbani mara moja tu, kuchukua kitanda. Hakupaza sauti. Alisimama kwenye vigae, viatu vina tope, akasema, "Mama, ulipewa funguo tu." Nikamwambia mwanangu nimekosa, mpangaji nitamwondoa leo hii. Akasema, "Mwache. Yeye ana kosa gani?" Kitanda hakikupita mlango wa stoo, nilikiingiza kikiwa kimefunguliwa, fundi akakiunga humo ndani. Akakiacha. Akachukua beseni.

Wakahamia Mlimba. Huko wamepanga chumba. Mwanangu mwenye chumba chake, analipa kodi kwa mama mwenye nyumba mwingine!

Nilikwenda kuwaona mwaka jana, nikapanda treni na mfuko wa mchele na kanga ya mtoto. Levina alinipokea vizuri, na kupokelewa vizuri ndiko kulikoniua. Shikamoo, kiti, maji, chakula. Mtoto amekua, ana macho ya marehemu mume wangu, akasimama mlangoni ananishangaa. Nikanyoosha mikono.

Levina akasema taratibu, bila ubaya wowote usoni:

"Kabula, msalimie jirani."

"Shikamoo jirani," mtoto akasema.

Nikaitikia marahaba. Ningesema nini? Jina nililichagua mwenyewe.

Wakati wa kuondoka nikamwambia Severini chumba kipo, kiko wazi, njooni. Akasema, "Tutaona, mama." Huwa anapiga simu Jumapili. Kila Jumapili namwambia chumba kipo. Kila Jumapili ananiambia tutaona.

Mpangaji aliondoka zamani. Nimerudisha kitanda, nimetundika pazia lao la zamani, kila Jumamosi nafagia na kuanika godoro. Mama Zita ananicheka juu ya ukuta: "Bibi, unamlalisha nani humo, mizimu?" Namwacha acheke.

Nyie mnaobaki mjini na funguo za watu walioko bondeni, nisikieni mimi! Lami imeleta wageni na wageni wanatafuta vyumba, wala sisemi msiwapokee. Kama una kiwanja, jenga, pangisha. Lakini chumba cha mtu aliyeko shamba kiacheni na giza lake. Akija mvua inanyesha, mfungulie kwanza, mengine mtaongea kesho. Na ukiulizwa mbele ya watu wewe ni nani wake, sema! Hata kama utapigwa mawe, sema!

Juzi nikiwa barazani nachagua mchele, Fasta huyo, amenenepa siku hizi. Nyuma yake mtu na mke wake, watu wa heshima, begi kubwa.

"Bibi shikamoo! Kile chumba cha mwisho naona kimelala. Hawa wanalipa mwaka mzima, hawana shida."

Nikamtazama. Mlango ulikuwa wazi, kitanda kimetandikwa kinaonekana, hakuna mtu juu yake. Yeye anakiona, wageni wake wanakiona. Mama Zita ametoa shingo.

Nikaweka ungo chini, nikasimama, nikamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Mama Zita:

"Chumba kina mtu. Siwezi kumtoa mtu nje."