Visu Nilivyogawa Miono

"Mwanangu, kama uyoga ni maji matupu, mzazi anautamani wa nini?"

Niliulizwa hivyo kijijini Miono, siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa bibi lishe mpya, mfundishaji wa chakula bora vijijini, nimetoka chuo kikuu, mbishi wa kila kitu isipokuwa kitabu changu. Kitabu kilisifu mchicha na kisamvu. Uyoga kiliuita maji na nyuzinyuzi. Muulizaji alikuwa Bi Tatu, mkunga wa kijiji, aliyewanywesha wazazi supu ya uyoga siku zote arobaini baada ya kujifungua.

"Hiyo ni mila tu, Bibi," nikamjibu.

Wanawake wakacheka. "Haya, tufundishe, mtoto wa chuo."

Nikawafundisha usafi. Wao waling'oa uyoga na mzizi wake, wakauleta jikoni na udongo. Nikawagawia visu: kateni shina juu ya ardhi, uchafu ubaki porini. Kwenye taarifa yangu nilijisifu.

Mvua zilipoanza, habari zikafika ofisini kwetu Bagamoyo kwamba Mwajuma, mwenye mtoto mchanga, ametapika usiku kucha baada ya kula uyoga. Mkuu wangu wa kazi akaniita.

"Chukua debe la mafuta ya taa. Uyoga wote wa kijiji uchomwe, mbichi na mkavu. Akifa mtu, nitakayeulizwa ni mimi."

Nilimkuta Mwajuma midomo imepasuka, mtoto analilia titi lisilo na kitu. Landrova ikawachukua wote wawili kwenda hospitali. Mimi nikabaki na debe, mbele ya nyungo za uyoga mkavu, mboga yao ya miezi ya njaa. Bi Tatu alikuwa amesimama kati yangu na nyungo hizo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Unachoma chakula cha nani?"

"Nimetumwa."

"Na visu, ulitumwa?"

Sikumwelewa. Akachomoa uyoga mmoja kwenye kapu lake, una mzizi mrefu kuliko kiganja. "Huu wa kichuguuni. Mzizi wake unashuka mpaka kwa mchwa. Wenye sumu hauna mzizi huu. Chini una kifuko, kama ganda la yai lililopasuka. Juu hufanana kama mapacha." Kisha akanisogezea kapu la Mwajuma. Kila shina lilikuwa limekatwa vizuri, kwa kisu. "Haya, msomi. Upi ni upi?"

Sikukubali kwa maneno matupu. Nilimwomba anipeleke alikochuma Mwajuma, nikafukua vishina vilivyobaki ardhini kimoja kimoja. Cha kwanza kilikuwa na mzizi. Cha pili pia. Cha tano kilitoka na kifuko cheupe.

Nilichoma kapu lile moja tu; uyoga wa kwenye nyungo ulikuwa na mizizi yake. Visu nikavikusanya vyote.

Mkuu wangu alisoma taarifa yangu mara mbili. "Andika kwamba walikosea kuchuma."

"Hawakukosea, mzee. Nilikosea mimi."

"Unajifukuza kazi mwenyewe, unajua?"

Hakunifukuza. Alinihamishia Kaole nikasimamie bustani za mchicha za shule, na kwa siku tisa nililala nikisubiri habari za hospitali. Siku ya kumi nikaambiwa Mwajuma amerudi kwake, mtoto ananyonya, na kitu cha kwanza alichoomba ni supu ya uyoga. Bi Tatu alimpikia, wa mzizi.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mnanizidi vitabu. Vibishieni, lakini ubishi wenu uanzie kwenye somo mnalotoa wenyewe. Mimi nilistaafu bado nikidaiwa na Bi Tatu jibu la swali lake la kwanza, naye alikwisha kuzikwa. Nililipata uzeeni. Uyoga una kemikali inayosaidia kuzilinda seli zisiharibike, kama mafuta yanavyokinga chuma na kutu. Mwili hauwezi kuitengeneza. Huipata kwenye chakula, na uyoga ndio wenye nyingi kuliko vyote. Inatufaa kiasi gani, wataalamu bado wanabishana, nami nabishana nao. Lakini hili hawalibishii: seli zetu zina mlango wake maalumu wa kuipokea.