Piga Breki

Mwalimu wangu wa udereva anaitwa Mzee Taratibu, na aliyempa jina hilo alikuwa na utani mbaya. Anafoka asubuhi, anafoka mchana, na jioni sauti ikishakauka anakufokea kwa macho. Lakini kazi hiyo ameishika miaka ishirini na minne, nusu ya madereva wa mji huu wamepitia mikononi mwake, na kila Jumatatu anakukumbusha kwamba hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kugonga hata kuku.

Mimi ananiita Nesi. Mimi si nesi. Ni mhudumu wa kituo cha afya; mwaka wa tisa huu nasukuma machela na kupiga deki. Dereva wa gari letu la wagonjwa anastaafu, na mganga mkuu aliniambia bila kuzunguka: leseni ikiwa mezani kwake ifikapo Ijumaa ya wiki ya mtihani wangu, usukani ni wangu, isipokuwepo, anachukua mtu mwingine. Ndiyo maana kila nikitoka zamu nilikuwa nakimbilia shule ya udereva na sare yangu inanuka dawa, kwenda kufokewa.

Sasa hiyo skrini. Mwezi mmoja kabla ya mtihani wangu, bosi wa shule alifunga kwenye gari letu redio yenye skrini pana kama sinia, inayosikia Kiswahili. Unaiambia piga fulani, inapiga simu. Akaandikisha mlangoni kwa rangi nyekundu: GARI LINALOSIKIA. Simu ya shule ikafungiwa kwenye droo ya dashibodi, na ndani yake majina yote ya watu wanaohudumia gari.

Bosi hakufikiria jambo moja ambalo mtoto wa darasa la kwanza angelifikiria. Kwenye gari kila kitu kinapigwa. Vitabu vinasema funga breki, kata kona. Barabarani watu wanapiga breki, wanapiga kona, wanapiga honi. Basi Mzee Taratibu akisema, "Piga kona kushoto," sauti ya kike inajibu kwa upole, "Nampigia Kona," na muuza matairi wa pale kwenye kona anapokea kwenye spika zote nne, haloo, haloo, huku mimi nimekwama katikati ya njia panda na malori yananihanikiza kwa honi. Akisema, "Piga honi," inamjibu, "Samahani, Honi hayupo kwenye orodha." Na simu ikishaunganishwa, sauti haipungui, na kitufe cha kuzima hakizimi kitu.

Fundi aliyeifunga alipoulizwa akasema ni setingi tu. Setingi zina namba ya siri, na namba ya siri ameisahau. Nilitamani tumfunge yeye pale kwenye dashibodi.

Mzee Taratibu aliichukia skrini ile kama mtu aliyemnyang'anya shamba. Aliipiga kwa kiganja, akaifunika taulo, akaiita mbea, mwehu, shetani wa betri. Alijaribu kusema "kanyaga" badala ya "piga", lakini ulimi wa miaka ishirini na minne haufundishiki kwa wiki moja. Mara mbili alikwenda ofisini kuomba ing'olewe. Mara zote mbili nilimsikia nikiwa nje, na mtaa mzima ulimsikia pia. Bosi alimjibu kwamba wanafunzi wameongezeka kwa sababu ya skrini hiyohiyo.

Alhamisi asubuhi ndiyo ilikuwa zamu yangu ya mtihani. Mtahini, askari mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, alikaa kushoto kwangu, na Mzee Taratibu akakaa nyuma kwa sharti kwamba asifungue mdomo. Niliwasha, nikaondoka vizuri, nikapita mzunguko, nikaegesha kati ya magari mawili bila kugusa hata moja. Tulipokaribia geti la shule ya msingi mtahini akasema, kama anavyosema kila mtu, "Hapo piga breki."

Nikakanyaga. Gari likasita, likasogea, likaja kusimama limeshaupita mstari wa kivuko.

"Nampigia Breki," ikasema skrini.

Breki ni fundi wa breki; mwezi mzima skrini ikimpigia alikuwa hapokei. Siku hiyo alipokea mara moja, na hata salamu hakutoa. "Mwalimu, usinilaumu mimi. Pampu ya breki ya hiyo gari bosi hajaniletea mpaka leo. Nilimwambia isibebe wanafunzi. Ananiambia tusubiri kwanza amalizane na watu wa skrini. Sasa mimi nifanyeje?"

Upande wa mtahini kuna kanyagio la pili la breki, la mwalimu. Aliweka kiatu chake pale, akakandamiza, nalo likazama mpaka chini.

"Zima gari," akasema. Akaandika kwa muda mrefu. "Mama, mtihani umeishia hapa. Si kosa lako. Utakuja mwezi ujao na gari nyingine."

Si kosa langu. Nilitaka kumwambia akamwandikie hivyo mganga mkuu. Mtahini akachukua ufunguo, akashuka kwenda kutafuta wa kulivuta gari.

Mzee Taratibu akainuka kutoka kiti cha nyuma, akaizaba skrini kofi. "Umeona, Nesi? Umeona huyu shetani alichotufanyia?"

"Mwalimu," nikamwambia, "mwezi mzima ulikuwa umekaa hapa alipokuwa amekaa mtahini. Mguu wako ulikuwa juu ya kanyagio hilo kila siku."

"Bosi aliniambia pampu imeshabadilishwa."

"Sijakuuliza bosi alisema nini. Nakuuliza mguu wako."

Alikaa. Mara ya kwanza tangu nimjue akazungumza kwa sauti ya mtu wa kawaida.

"Nilikuwa nalisikia," akasema. "Linazama. Tangu wiki ya kwanza nilikuwa nalisikia, Nesi."

Hasira niliyoipata sikuwahi kuipata maishani. Mtu mwenye mdomo ule, mtu aliyeusimamisha mtaa kwa ajili ya redio, kwa breki alinyamaza. Nilifungua mlango, nikashuka. Kituo cha afya kilikuwa mwendo wa dakika arobaini kwa miguu, na kesho yake ilikuwa Ijumaa.