Ua Linaloonyesha Shaba

Hapa Kolwezi, mji wetu wa migodi, mtu akiona ua la buluu hutazama chini. Anatafuta shaba. Mama yangu aliliangalia ua lenyewe, na alinifundisha hivyo, ndiyo maana nina hasira.

Nyuma ya nyumba zetu za Dilala kulikuwa na kilima kisicho na miti. Udongo wake ulijaa shaba, miti iliukataa, ila kiua kimoja kifupi kiliupenda. Mvua zikikaribia kwisha, kilima chote kilikuwa buluu. Mama alinikalisha pale, tukanyamaza. Nilipokuja kuwa mwandishi, kila nilipokwama nilipanda huko. Kichwa kilipoa, sentensi zikaja, usiku nikalala.

Wachimbaji waliyafuata maua yale na majembe. Hao siwalaumu, njaa haina adabu. Nawalaumu waliofuata na mashine wakakibeba kilima chote. Sasa ni shimo lenye uzio na mlinzi. Nilimwambia mlinzi kwamba nilizoea kuandikia pale.

"Andikia ku nyumba, mama," alinijibu.

Ku nyumba! Nyumbani malori yanapita mchana kutwa, vumbi linakaa hadi kwenye chai, na ninachoandika kinanichosha mwenyewe. Usingizi umenikimbia. Daktari ananiambia eti nimeze vidonge.

Mama alifariki, tukamzika pembeni mwa mji. Mwaka huu, mvua zikiisha, nilikwenda na mdogo wangu kusafisha kaburi. Yeye ananunua madini kwa wachimbaji na kuyauza. Tulikuta kaburi limefunikwa na maua ya buluu. Kwa mara ya kwanza tangu kilima kiondoke, nilisikia sentensi inakuja.

Mdogo wangu aliinama, akachota udongo, akausugua kwa vidole.

"Yaya, unaona?" aliniuliza mimi dada yake mkubwa.

"Naona maua."

"Hii maua haiote bure. Mu chini muko kitu."

"Mu chini muko mama."

Aliona aibu, akajipangusa mkono kwenye suruali. Lakini kama yeye ameona, wengine nao wataona. Kwenye njia iliyo kando ya makaburi vijana walikuwa wanapita na majembe na mifuko mitupu.

Sentensi yangu ilikatika hapo. Nilitandika kitenge, nikapiga magoti, nikaanza kuyang'oa maua ya mama, moja moja, na mizizi yake.