Jiwe la Magaga

Ninyi mliosoma shule ya msingi wakati safari ya shule ilitangazwa mstarini mwezi mzima kabla ya siku yenyewe, mkalala na viatu miguuni kwa hofu ya kuachwa, nawaandikia ninyi. Hawa wa siku hizi hawataelewa. Wao wameshaiona dunia yote kwenye kioo cha simu kabla hawajatoka kitandani, na ukiwaambia habari za kwenda kutazama makale ya Iringa wanakuuliza kwanza kama huko mtandao unashika.

Sisi tulikuwa watoto wa Ilomba, Mbeya. Tulicheza rede mpaka mpira wa soksi ukawa hauonekani kwa giza, tukacheza mdako kwa kokoto tulizozichagua kama akina mama wanavyochagua mchele, na asubuhi za Juni tulikwenda shule tukitoa moshi mdomoni kama wavuta sigara. Baridi ile ilikuwa inapasua. Ilipasua midomo, ilipasua mikono ya wafuaji, lakini zaidi ya yote ilipasua visigino. Magaga. Ukitaka kumtukana mtu pale mtaani hukuwa na haja ya kumtajia wazazi wake. Ulimwambia tu kwamba magaga yake yanachana shuka.

Mama yangu hakuwa nayo. Alikuwa mwanamke wa Kihehe aliyeolewa na Mnyakyusa, amezaliwa kijiji kimoja upande wa Isimila, na kule Mbeya alikokuja akiwa bibi harusi alijijengea jina kwa usafi wake. Ua wetu ulifagiliwa mara mbili kwa siku. Masufuria yalisuguliwa kwa majivu mpaka ukajiona meno. Akivua kandambili mlangoni kwa watu, wanawake wenzake walitazama visigino vyake wakaficha vyao chini ya vitenge. Kila tulipotoka kwenda mahali alitupaka mafuta ya mgando mpaka magotini na kutuambia neno moja, siku zote lile lile: "Msinitie aibu."

Nilikuwa darasa la tano tulipopelekwa Isimila. Mwalimu Mwakalinga, aliyetufundisha historia, alikuwa amehangaika nayo safari hiyo tangu mwanzo wa mwaka, akaomba mzazi mmoja wa kike aende nasi kutupikia na kuwaangalia wasichana. Kina mama wote wa kamati ya shule walimtaja mama yangu. Nilivimba kichwa, nawaambia. Njia nzima, kutoka Uyole mpaka upepo wa Makambako unaoingia hata pale dirisha lilipofungwa, mpaka miti ya misindano ya Mafinga iliyopangwa kama wanafunzi mstarini, nilikaa kiti cha mbele karibu na mama na ndoo yake ya maandazi, na yeyote aliyetaka andazi ilimpasa anisemeshe vizuri.

Tulilala Ipogolo, kwenye ukumbi wa kanisa, chini ya mlima ambao mji wa Iringa umekaa juu yake. Asubuhi mama alitupa viazi vitamu na chai ya rangi yenye tangawizi iliyotufanya tupige chafya sote. Nakumbuka harufu ya kuni mbichi, nakumbuka wasichana tukisukana upya nywele zilizolaliwa, nakumbuka Ambwene, mchekeshaji wa darasa, akiwa amevaa yeboyebo mbili za rangi tofauti na kusema hiyo ndiyo mitindo ya mjini.

Isimila ilitupokea kwa jua. Mtembeza wageni alikuwa mwanamume wa makamo mwenye fimbo nyembamba, na mama yangu alipomsalimia "Kamwene" alisimama kabisa, akamgeukia, wakaanza. Wahehe hawasalimiani kwa haraka. Waliulizana ya nyumbani, ya shambani, ya nani ni mtoto wa nani, na kabla hatujafika kwenye njia ya kushukia korongoni walikuwa wamekwisha kupata shangazi wa pamoja. Tangu hapo akawa anamwita mama dada yake. Alikuwa akitueleza sisi kwa Kiswahili kisha anamgeukia yeye na kuongeza kitu kwa Kihehe, wanacheka. Sikuwahi kumwona mama yangu vile. Mbeya alikuwa mwanamke msafi wa kuheshimiwa. Pale alikuwa mtoto wa mtu, amerudi kwao.

Kule korongoni tulipunguza mwendo hata sisi. Nguzo za udongo zimesimama ndefu kuliko kanisa letu, zimechongwa na mvua peke yake, na kila moja juu yake ina kofia ya jiwe. Tulitembea katikati yake tukiinua shingo mpaka zikauma. Ambwene alipiga kelele kusikiliza mwangwi, na Mwalimu akamfinya sikio bila hata kugeuka, ustadi ambao walimu wa leo hawana.

Kisha tukapanda kwenye kibanda ambako mawe yamepangwa. Mtembeza wageni alitueleza kwamba zamani, kabla ya chuma, kabla ya watu kulima, palikuwa na ziwa mahali hapo, na watu walikaa kando yake wakachonga zana zao kwa mawe. Akainama, akainua moja. Lilikuwa kama jani nene, upande mmoja mpana na upande mwingine umechongoka, limekaa kiganjani mwake kama lilikatwa kwa kipimo chake. Akasema hilo ni shoka.

Mimi nililijua lile jiwe. Lingine kama hilo lilikuwa kwenye ukingo wa bafu letu la nje pale Ilomba, karibu na kipande cha sabuni ya mche. Mama alikuwa akikaa kwenye kigoda jioni, miguu kwenye beseni la maji moto, analisukuma kwenye visigino mbele nyuma, mbele nyuma, huku akiimba. Nilifurahi kama mtu aliyemkuta ndugu yake ugenini. Nikanyoosha kidole, tena sikungoja kuruhusiwa, nikasema kwa sauti ya kwenda mpaka nyuma kwamba hilo hata sisi tunalo nyumbani, mama anasugulia magaga.

Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Ambwene alisubiri kicheko kipungue kidogo, kama anavyofanya fundi wa kazi yake, kisha akasema, "Kumbe mama yako ana magaga ya Zama za Mawe." Hata Mwalimu alicheka, akijificha nyuma ya leso.

Mtembeza wageni hakucheka. Alilirudisha jiwe mahali pake taratibu, akafuta vumbi mikononi, akauliza tumelipata wapi. Alisema mawe yale hayatoki, si kwa mgeni wala mwenyeji. Wapo waliokuja wakayabeba kwa magunia na wapo waliobeba mojamoja, na yote mawili ni wizi.

Neno hilo lilipotamkwa wote walimtazama mama. Alikuwa amesimama pembeni na ndoo yake tupu.

Mwalimu Mwakalinga alikuwa mtu mwema. Alijaribu kumfungulia mlango. Alicheka kidogo, akasema watoto hawa bwana wanapenda kukuza mambo, hilo litakuwa jiwe la mtoni tu, sivyo Mama Upendo? Kilichotakiwa kilikuwa ndiyo moja. Tungecheka tena, tungekula machungwa, tungerudi Mbeya.

"Si la mtoni, Mwalimu," mama akasema. "Ni kama hilo. Mama yangu alinipa siku naolewa."

Mtembeza wageni akamuuliza kama alijua ni kitu gani.

"Nilijua ni jiwe zuri."

Kisha akamgeukia yule mtu na kusema naye kwa Kihehe, maneno mengi, kwa sauti ya chini. Nadhani alikuwa anamweleza habari za bibi, kwamba mashambani kwao mawe kama yale yaliinuliwa na jembe kila msimu wa kulima, kwamba hakuna aliyewahi kumwambia mtu wa kijijini thamani yake. Yule mtu alisikiliza mpaka mwisho. Akamjibu kwa Kiswahili, Kiswahili kilichonyooka kama cha redioni: "Basi mama, tutaomba ulirudishe."

Mama alijaribu tena kwa Kihehe. Akajibiwa tena kwa Kiswahili. Hapo nikamwona mama yangu akiinamisha macho, na sikuwa nimewahi kuona macho yake yakitazama chini isipokuwa kanisani.

Kurudi Mbeya basi lilikuwa na wimbo. Sitauandika, ulikuwa na magaga ndani yake na ulikuwa na jina la mama. Aliyeuanzisha alichapwa, lakini ukishaanza wimbo kwenye basi la watoto hauzuiliki. Mama alikaa na ndoo magotini akatazama nje mpaka Ilomba. Nilingoja kuchapwa siku hiyo, na kesho yake, na wiki iliyofuata. Sikuchapwa. Nanyi mliolelewa kama mimi mnajua kwamba kiboko kisichokuja kinauma kupita kinachokuja.

Mtaani habari zilitutangulia. Wanawake waliokuwa wakificha visigino vyao wakaanza kuvua viatu kwa mbwembwe. Baba alishauri jiwe lipelekwe na Mwalimu, tuachane nalo. Mama alikataa. Alilisugua kwa brashi na sabuni, akalisuuza maji mara kadhaa, akalikausha kwa taulo lake la wageni kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda hospitali. Akalifunga kwenye kitenge, akapanda basi peke yake.

Aliporudi tulimzunguka. Tulitaka kujua kama alifungwa, kama aliandikwa polisi, kama alipigiwa kelele. Akasema hapana, alipokewa vizuri sana. Alipewa kiti. Alishukuriwa. Akavua kandambili zake, akakaa chini ukutani.

"Yule aliyeniita dada ameniambia karibu Iringa," akasema. Halafu tena: "Mimi. Karibu Iringa."

Bibi hakuambiwa kamwe. Alikufa akijua zawadi yake bado iko Mbeya inafanya kazi. Na nyumbani kwetu Kihehe, ambacho mama alikuwa akikitumia akifurahi sana au akikasirika sana, kikapungua, kikapungua, mpaka siku moja nikagundua kwamba anatugombeza kwa Kiswahili kitupu, tena cha upole.

Wakati mwingine nafikiri ni heri yalitokea enzi zile. Aibu yetu ilitembea kwa miguu. Ilifika nyumba ya mwisho ya Ilomba ikachoka. Leo Ambwene angekuwa amerekodi, na kabla hatujala machungwa mama yangu angekuwa anachekwa na watu wa Mwanza. Lakini pia leo, kufikia Jumapili, wangekuwa wamekwisha kumsahau na kumcheka mwingine. Ile ya zamani ilikuwa na mwendo mfupi na maisha marefu. Sijui ipi ni nafuu. Najua tu kwamba tulikuwa nayo, tena nyingi kuliko tuliyostahili, na nikiwatazama hawa vijana wanaochora majina yao kwenye nguzo zile na kuitwa na marafiki zao mashujaa, natamani ningewagawia kidogo.

Juni iliyopita sisi wapenda vitabu wa Mbeya tulikodi basi dogo la Kosta tukaenda Isimila, tukawachukua na vijana wachache. Nilimwomba mama aje. Alikubali upesi mno, amevaa kitenge kipya. Tulipofika, wote wakashuka, yeye akabaki kitini. Akasema atatulindia mizigo. Nikakaa naye. Alinimenyea chungwa kana kwamba bado niko darasa la tano.

Vijana walirudi wakicheka. Mmoja, mwenye adabu, alimwonea mama huruma kwa kukosa, akampa simu yake atazame picha. Mama aliishika kwa mikono miwili. Picha ya kwanza kijana ametoa ulimi. Ya pili ameinua vidole viwili. Ya tatu amefumba macho kama anasali, na hasali.

"Mwanangu," mama akamwambia, "mbona umesimama mbele ya kila kitu?"

"Mama, ndiyo picha yenyewe hiyo."

Sote tulicheka, na dereva akawasha gari. Nilipoinama nione pamoja naye, nikagundua kwamba mama hatazami uso wa kijana hata kidogo. Alikuwa amejifunza kutoka kwa wajukuu jinsi ya kukuza picha kwa vidole, na alikuwa ameirudia picha ya kwanza na kuikuza kona moja, nyuma ya bega la kijana, ambako mawe yalionekana yamepangwa kwenye vumbi. Alikuwa anapita jiwe moja baada ya lingine, polepole, akisimama kidogo kwa kila moja.

"Yamefanana," akasema, akamrudishia simu.

Kijana aliipokea. Kosta ikaanza kuondoka. Hatujafika barabara kuu, mama akamgusa begani, akamwomba aione tena ile ya kwanza.