Picha Nyeupe ya Tsvetomira

Saa tatu asubuhi, uani kwa babu Tsano, jua la Julai limeshakuwa kali na mzee amegoma kuvua kofia. Ni kofia ya ngozi ya kondoo, urithi wa baba yake, na imemshukia mpaka kwenye nyusi. Nedyalka Karabelova anapiga goti mbele yake, anachungulia kwenye kamera, anatikisa kichwa, kisha anachomeka flashi.

"Jua lote hili na bado unawasha taa?" jirani anapaza sauti kutoka ng'ambo ya ua. "Unataka kumbanika mzee wa watu?"

"Jua linaishia kwenye kofia, machoni halifiki," Nedyalka anajibu bila kugeuka. "Babu Tsano, nitazame mimi. Achana na huyo mchokozi."

"Nikimtazama huyo kamera itapasuka," mzee anasema, na hapo hapo flashi inawaka.

Ni mwako mdogo, mtu asiyeujua hauoni. Lakini kwenye picha giza la chini ya kofia limeondoka, na macho ya mzee yanaonekana, ya buluu, yenye majimaji ya uzee. Anajitazama kwa muda mrefu.

"Hii ndiyo mtakayobandika mlangoni?"

"Ukipenda, babu. Lakini kwanza itundike ukutani uione."

Hapa Oryahovo, mji wetu mdogo juu ya Mto Danubi, karibu kila mlango una karatasi ya msiba: picha, jina, na maneno machache ya waliobaki. Hubandikwa mtu anapofariki, zikatolewa nyingine arobaini ikifika, na nyingine tena mwaka unapotimia. Vijana wamehamia mbali kutafuta kazi. Harusi zimekuwa chache, shule imebaki na watoto wachache, na Nedyalka, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, anakiri kwamba kipato cha studio yake hakitoshi kuni na umeme wa majira ya baridi. Siku hizi wateja wake wengi ni wazee.

Alianza kuhangaika na mwanga wa kujazia, ule wa kuondoa kivuli usoni, baada ya kufiwa na mumewe, Radko, aliyeanguka ghafla shambani akipogoa mizabibu.

"Nimepiga picha nusu ya mji huu," anasema, "halafu nikakuta sina picha ya mume wangu. Kila nilipokuwa na kamera, yeye alikuwa ameshika taa."

Ilipatikana moja tu, ya siku ya mavuno. Radko amevaa kofia pana na jua liko utosini. Kuanzia paji la uso hadi puani ni giza tupu.

"Tuliibandika hiyo hiyo. Watu walikuwa wanasimama mlangoni kwangu, wanasoma jina ndipo wajue ni nani. Nimejaribu kwenye kompyuta kukiinua kile kivuli. Nimejaribu miaka mitatu. Chini yake hakuna kitu."

Baada ya hapo akawa anamfuata kila mwenye kofia na kila mwenye skafu. Flashi ikizidi, uso unakuwa bapa kama sahani. Ikipungua, kivuli kinabaki. Majirani walimcheka kwa kuwasha taa mchana kweupe.

Tsvetomira Lazarova hakucheka. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mtumishi wa maktaba ya mji, na ugonjwa ulikuwa umeshamla nywele na nyusi. Aliingia studio mwezi wa Mei mwaka jana, akaketi na kusema moja kwa moja.

"Shangazi Nedyalka, nataka picha ya mlangoni. Mama asije akahangaika kutafuta."

Nedyalka anasimulia kwamba alitaka kumkatiza, akashindwa.

"Sitaki picha ya mgonjwa," Tsvetomira aliendelea. "Na sitaki picha ya uongo. Usinichoree nywele."

Kivuli chochote kilimchongoa mashavu na kumzamisha macho. Ndipo Nedyalka akaamua kuviondoa vivuli vyote. Alitundika shuka jeupe, akaelekeza taa mbili kwenye shuka, na taa ya tatu akaiweka mbele, nyuma ya pazia la bafuni ili mwanga ulainike. Tsvetomira alivaa blauzi nyeupe na kuvua skafu.

Picha za mwanzo ziliharibika. Kichwa kisicho na nywele kiliyeyukia kwenye shuka, yakabaki macho na midomo ikielea hewani.

"Ona, nimeshakuwa mzuka kabla ya siku zangu!" Tsvetomira aliangua kicheko mpaka akakohoa.

Walijaribu tena na tena, wakipumzika kila alipochoka. Nedyalka alipunguza taa za nyuma, akamsogeza mbali na shuka, akaiongeza ya mbele kidogo kidogo. Mwishowe ikatoka moja: kila kitu cheupe, ngozi laini, na macho meusi yakikutazama bila hofu.

"Hiyo," Tsvetomira alisema. "Hapo sioni ugonjwa. Najiona mimi."

Alifariki Agosti.

Mama yake, Velika, alikuja studio akiwa na dada yake mwenyewe siku ya pili ya msiba. Nedyalka alimpa bahasha. Velika alitazama, uso ukambadilika.

"Nini hiki? Umempaka chokaa mwanangu?"

"Dada Velika, aliichagua mwenyewe."

"Huyu si Tsveti! Umemfuta! Umemfuta mtoto wangu!"

Aliirudisha picha ikiwa imekunjamana. Mlangoni ikabandikwa picha ya mahafali, msichana wa miaka kumi na minane mwenye nywele ndefu. Makaburini siku ya arobaini, Nedyalka alikwenda kupokea ngano ya kuchemsha, inayogawiwa kumkumbuka marehemu, kama watu wote. Velika, aliyekuwa akiigawa, alimruka, akampa aliyesimama nyuma yake.

"Nilirudi nyumbani nikazima taa za studio," anasema. "Sikupiga picha nyeupe tena msimu mzima. Nilijiona nimemwibia mtu maiti yake."

Mwezi Machi Velika alirudi, peke yake. Hakuketi.

"Kovu lake liko wapi?"

"Kovu gani, dada?"

"La kidevuni! Alianguka kwenye baiskeli yangu, nimempakia mimi. Damu ilinijaa mikononi. Kila siku nilikuwa naliona anapokula. Nywele najua zilitoka, mimi ndiye niliyekuwa nazifagia. Lakini kovu, Nedyalka? Kovu lilikukosea nini?"

Mwanga uliofukuza vivuli vyote ulikuwa umelifukuza na kovu, na Nedyalka hakujua kwamba lilikuwepo.

Alikaa kwenye kompyuta na kuzipitia picha zote za siku ile. Kwenye moja, iliyopigwa kabla hajaiongeza taa ya mbele, kulikuwa na kivuli chembamba chini ya mdomo. Ndani ya kivuli hicho, mstari mdogo, mfupi kuliko punje ya mchele.

Aliichapa, akampelekea Velika nyumbani. Velika aliiweka mezani, akapitisha kidole kidevuni mwa binti yake, akaanza kulia kwa sauti. Nedyalka alikaa naye. Baadaye Velika aliwasha jiko akakaanga pilipili, wakala.

Mwezi ujao mwaka unatimia. Karatasi mpya imeshachapwa, na picha iliyomo ni hiyo nyeupe yenye kovu.

"Dada yangu atasema nimechanganyikiwa," Velika ananiambia mlangoni kwake. "Aseme. Kuitazama bado inaniuma. Ila ndiye yeye."

Nedyalka sasa hawashi taa kabla ya kuuliza: kuna alama gani usoni ambayo watu wako wangeikosa? Mmoja alimwonyesha makovu ya tetekuwanga, mwingine jino la mbele lililovunjika. Wapo wanaonyamaza, naye husubiri.

Kabla ya mavuno anataka kuzunguka vijiji vya juu, ambako wamebaki wazee watupu na basi haliendi kila siku. Padri amekubali kutangaza kanisani. Shuka lake atalitundika kwenye ukuta wowote atakaoupata.

"Huenda wasije," anasema akifunga mkoba wa kamera. "Wengine wanaona nawaletea mkosi. Basi nitaketi nao, ninywe kahawa yao, niwasikilize. Atakayekuwa tayari atanijulisha."