Kidole Kisichopita Kwenye Wavu

Juzi, kwenye duka la nyavu nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu huku China, nilimkuta mama mfanyabiashara wa Musoma akijaribu macho ya wavu kwa kidole chake kidogo. Hakikupita.

Kwenye simu alikuwa mdogo wake, mvuvi kule nyumbani. "Dada, chukua huohuo. Mvua zimeanza, ningu wanapanda mtoni."

"Si wanapanda kuzaa! Samaki wakinaswa wote, mwakani utavua nini?"

"Jirani keshatega, dada. Nikiacha mimi, anabeba yeye. Wanangu wale nini?"

Ukutani ilining'inia fimbo ya kuvulia ya laoban, bosi wa duka. Mama akaionyesha, akamuuliza kwa ishara: na wewe unavua?

Laoban akaiambia simu yake ya kutafsiri: "Sasa hapana. Samaki wanazaa, mto umefungwa." Akapishanisha mikono kama aliyetiwa pingu, akacheka. Kisha mikono ileile ikatufungashia wavu uleule.

Wanaojua uvuvi wanieleze mama angemjibu nini mdogo wake. Mimi nilimbebea mzigo hadi barabarani, na kilichonitisha ni wepesi wake. Kitu cha kumaliza mto mzima, na hakizidi uzito wa shuka.