Magongo Yaliyotangulia Kanisani

Ilianza Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, nikiwa nimeinama jikoni napuliza kuni zilizonyeshewa. Nikasikia gari. Huku kwetu Dundori gari likiingia kwa njia yetu ni la kuchukua viazi ama ni la mama pasta, na viazi vyetu vilikuwa bado shambani. Nikaongeza maji kwa sufuria ya chai.

Mama alikuwa ameketi sebuleni, mguu wa kulia juu ya stuli. Ng'ombe alimwangusha zizini wakati wa mvua kubwa, akamkanyaga chini ya goti, mfupa ukavunjika. Hospitalini kule Nakuru walimtia chuma ndani, wakampa magongo mawili ya kutembelea. Daktari alisema mbele yangu, maana mimi ndiye nilikuwa nimebeba mkoba, kwamba asikanyage chini na mguu huo hata kidogo mpaka arudi apigwe picha nyingine, aone kama mfupa umeshika. Akikanyaga kabla ya wakati chuma kitapinda, na anaweza kubaki kilema. Mama akasema, "Sawa, daktari." Mama huambia kila mtu sawa. Hiyo ndiyo shida yenyewe.

Akina mama wa kanisa walianza kuimba kutoka kwa geti. Huku kwetu mgonjwa hatembelewi kimyakimya, lazima majirani wote wajue umetembelewa na ni nani waliokuja. Waliingia na unga na sukari, mwenyekiti wao akavipanga katikati ya meza mahali hata ukiwa barabarani ungeviona, kisha wakaketi wakala chapati zote nilizokuwa nimepika asubuhi. Mimi nilibaki mlangoni mwa jikoni. Watu wakiwa wengi mimi husahau mikono yangu iwekwe wapi.

Walipomaliza kula walianza kumweleza Mama kwa nini anateseka. Mmoja alisema ni jaribu, Mungu anamwandaa kwa jambo kubwa. Wa pili alisema kuna mtu Mama hajasamehe, afikirie vizuri. Mama akafikiria, akasema pengine ni shemeji yake, na wote wakatikisa vichwa kama madaktari. Wa tatu akauliza, "Na huyo ng'ombe mlinunua kwa nani?" Nilimwonea ng'ombe huruma. Alikuwa ameumwa na inzi tu. Hakutumwa na mtu.

Mama pasta ndiye aliongea mwisho. Yeye anaishi Milimani, mjini, kwenye nyumba yenye miti pande zote, na huku juu anapanda wikendi na viatu visivyojua matope. Ana miwani ya fremu ya dhahabu. Aliivua, akaipanguza kwa leso, akairudisha, akasema, "Katika nyumba hii hatukubali mguu mgonjwa! Bwana asifiwe?"

"Amen!"

Kwani mguu uliomba ruhusa? Hilo nilisema moyoni, mahali ninaposemea mambo yangu yote.

"Msichana wetu anasoma sekondari," mwenyekiti akasema. "Wacha atusomee neno. Waebrania kumi na moja, ile ya imani."

Nilitaka sakafu inimeze. Nikasoma nikiwa nimeficha uso ndani ya Biblia.

"Ongeza sauti, mami! Mungu anakusikia, sisi ndio hatusikii!"

Wakacheka, na Mama naye akacheka kidogo, akaniangalia kwa kuniomba radhi. Nikasoma habari za Abeli, za Henoko, nikafika kwa Nuhu, na hapo mwenyekiti akainua kikombe. "Basi, kwa Nuhu panatosha. Chai itapoa." Hawakutaka kujua ni nani mwingine alikuwa na imani.

Kisha wakaomba. Walimwekea Mama mikono kichwani na mabegani, mmoja akaushika ule mguu mpaka nikaona Mama ameuma mdomo. Walipomaliza mama pasta akauliza, "Dada, unaamini?"

"Naamini."

"Unaamini kweli ama ni mdomo?"

"Naamini kweli."

"Basi kesho utaingia kanisani na miguu yako miwili. Kesho tuna mgeni kutoka Nairobi na kamera zitakuwa. Haya magongo hayana kazi tena hapa. Yanatangulia leo, kwa imani."

Ni lazima nieleze ukuta wa kanisa letu. Nyuma ya madhabahu kuna misumari, na kwa kila msumari kumetundikwa kitu alichoacha mtu aliyeponywa. Kuna plasta ya mkono iliyokatwa kwa msumeno. Kuna mshipi wa mgongo. Kuna fimbo ya mti wa mzeituni, ya mzee anayeishi karibu na barabara, aliyetembea bila fimbo Jumapili moja huku watu wakipiga vigelegele. Tangu Jumapili hiyo mzee haji kanisani. Watu husema amerudi nyuma kiroho. Atakujaje, na fimbo iko kanisani?

Mwenyekiti alikuwa tayari ameyashika magongo kwapani. "Msumari tulipigilia jana," akasema, kwa furaha, kama mtu aliyeandaa zawadi.

Jana. Kabla hawajaomba.

"Lakini daktari alisema..." Ilikuwa sauti yangu. Ilitoka ndogo sana.

Mama pasta alinigeukia na tabasamu ya kupigia picha. "Daktari anatibu, Mungu anaponya, mtoto mzuri. Usimtie mama yako shaka."

Wote waliniangalia. Nikakusanya vikombe. Walipoondoka niliona magongo yakitokeza dirishani mwa gari, yakipanda na kushuka na mashimo ya njia, yakielekea kwa utukufu bila Mama.

Choo chetu kiko chini, nyuma ya nyasi za ng'ombe. Jioni hiyo Mama alihitaji kwenda, na hakuna aliyeacha maagizo kuhusu imani na choo. Alinizungushia mkono shingoni, tukaenda akirukaruka na mguu mmoja kwenye matope. Mama ni mzito kuliko mimi. Kwenye mteremko niliteleza, na mguu mbaya ukagusa chini. Kugusa tu. Alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Tukakaa pale kwenye nyasi zenye maji, yeye akisema, "Niko sawa, niko sawa," machozi yakimshuka, na mimi nikimchukia kila mtu aliyekula chapati zangu.

Tuliporudi ndani alitaka kufanya mazoezi. Alishika meza kwa mikono yote miwili akaanza kuteremsha ule mguu polepole.

"Mama, wacha. Tafadhali."

"Kesho nitatembea, mami. Kutoka mlangoni mpaka mbele si mbali."

"Na chuma kikipinda?"

"Na nikikataa watasema nini? Kwamba niliombewa nikakosa imani." Akaketi, anahema. "Nilipokuwa hospitali, ni hao walipalilia viazi. Hukuwaona? Kwa mvua. Hata mwenyekiti alikuwa na jembe."

Ni kweli, niliwaona. Ndiyo maana ni vigumu kuwadharau mpaka mwisho, ingawa nilijitahidi. Tulimpigia Baba, ambaye anafanya kazi Gilgil na huja mwisho wa mwezi. Alisema, "Fanyeni vile kanisa limesema," kwa sauti ya mtu anayeangalia mpira, na akakata.

Nataka ieleweke kwamba mimi naamini. Huwa naomba asubuhi nikikamua, paji langu likiwa limeegemea tumbo la ng'ombe, na hapo sina haya, naongea kila kitu. Sijawahi kumwomba Mungu anionyeshe kwa kamera. Nimemwomba mfupa wa Mama ushike, na naona kwamba chuma na daktari na wiki za kukaa ni njia aliyoitumia kujibu. Lakini jibu kama hilo haliimbiki. Hakuna anayepiga kigelegele kwa sababu mtu ameketi na mguu wake juu ya stuli.

Nilipomaliza kuosha vikombe nikafungua Biblia pale waliponikatiza, kwa Nuhu, kwa hasira zaidi ya utakatifu. Nikaendelea na Abrahamu, na Sara, na Isaka. Nikafika kwa Yakobo. Imeandikwa pale pale, kwenye sura yao ya imani wanayoipenda hivyo, kwamba Yakobo karibu na kufa aliwabariki wajukuu wake, akamwabudu Mungu akiwa ameegemea fimbo yake. Nikarudia. Nikarudi nyuma mpaka Mwanzo, ule usiku aliposhindana na yule mtu wa Mungu mpaka akabarikiwa, na asubuhi akaondoka akichechemea. Alibarikiwa na akachechemea siku ile ile. Na hapakuwa na mtu wa kumnyang'anya fimbo ili aitundike.

Nikamsomea Mama.

"Yakobo alikuwa mzee," akasema.

"Na alikuwa na fimbo."

"Enda ulale, mami. Kesho tusichelewe."

Asubuhi nilikamua kwanza, maana ng'ombe hajaokoka, hangoji. Mama alikuwa bado kitandani. Nikamwambia, "Usiteremke mpaka nirudi. Niahidi." Akasema, "Sawa," lakini mimi namjua mtu wa sawa. Nikaweka Biblia ndani ya sweta na kupanda kilima karibu nikikimbia.

Kanisani kwaya ilikuwa inafanya mazoezi, kinanda kikilia chenyewe pembeni. Mama pasta alikuwa mbele akijaribu maiki, "Moja, mbili. Moja, mbili." Na magongo yalikuwa ukutani. Walikuwa wameyafunga utepe mwekundu na kuyaning'iniza yakiwa yamepishana, kama ya mshindi wa vita. Nilipita katikati ya viti nikihisi macho ya kwaya yote mgongoni. Nikavuta kiti cha plastiki, nikapanda.

"Wewe! Unafanya nini hapo juu?" Maiki ilikuwa bado imewashwa. Kanisa zima liliniuliza.

"Nachukua magongo ya Mama."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Ati nini? Shuka hapo!"

Mwenyekiti alikuja mbio akikunja leso. "Mtoto, si uyaache? Mgeni wa Nairobi anakuja! Sasa tutamwonyesha nini?"

"Mwonyesheni viazi," nikasema. "Mlipalilia vizuri."

Sijui ilitoka wapi. Watu wa soprano walicheka, wakanyamaza haraka. Nikayatungua magongo pamoja na utepe wake. Nikashuka nayo kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine nikamnyooshea mama pasta Biblia ikiwa wazi, kidole changu kwa Yakobo.

Alizima maiki. Aliutazama ukurasa, akausogeza mbali, akausogeza karibu. Kisha akatafuta ndani ya mkoba wake, akatoa miwani yake ya dhahabu, akaivaa, akasoma.

Mimi nilingoja. Niliangalia ile miwani, kisha nikaangalia msumari uliobaki mtupu.

Alifunga Biblia. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. "Hiyo ina maana ya kiroho," akasema, polepole.

"Ndiyo, mama. Lakini fimbo ilikuwa ya mti."

"Utajibu mbele za Mungu kwa hili."

"Sawa," nikasema. Nimerithi.

Kabla ya kutoka nilinyoosha mkono nikaitoa na ile fimbo ya mzeituni. Hakuna aliyenizuia. Mwenyekiti alifungua mdomo, akaangalia fimbo, akaufunga. Nadhani naye alikuwa akimfikiria mzee, maana ni jirani yake.

Mzee nilimkuta ameketi nje ya mlango wake akiota jua, amevaa koti la kanisa kana kwamba kuna mahali anaelekea. Nikamkabidhi. Aliigeuza fimbo mikononi, akapitisha kidole gumba pale ilipolainika kwa kushikwa.

"Imeponywa?" akaniuliza.

Tulicheka wote wawili. Kisha akaisimamisha chini, akainuka nayo, akatazama upande kanisa liliko, akauliza wanaanza saa ngapi siku hizi.

Nyumbani nilimkuta Mama ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa gauni lake la bluu na kitambaa kichwani, mikono imeshika godoro, mguu wa kulia unaning'inia juu kidogo tu ya sakafu. Niliweka magongo chini ya kwapa zake kabla hajasema neno. Aliyashika, akasimama kwa mguu wa kushoto. Nilimwona mabega yakishuka, yakirudi mahali pake.

"Walisema nini?"

"Walisema watatuombea."

"Mama pasta amekasirika?"

"Kiroho."

Alicheka mpaka akalazimika kuketi tena. Kisha akasema nimletee viatu. Kiatu, akajirekebisha, cha kushoto. Angeenda ibadani, akasema, na angeketi kiti cha nyuma, na anayetaka kumtazama amtazame.

Nilifungua ule utepe mwekundu, uliokuwa bado umezunguka magongo na ungemtega njiani. Mlango wa zizi ulikuwa unatikisika tangu mvua ilipolegeza kamba yake. Nikaenda nikaufunga kwa utepe huo, fundo mara mbili, ng'ombe akinitazama anatafuna. Kisha nikanawa mikono na kumfuata Mama, ambaye alikuwa tayari amefika getini.